Bamdogo Godwin na Kibuyu cha Kisongo

Kuna watu ukiwaita "daktari wa ng'ombe" wanacheka. Bamdogo Godwin hacheki. Ananuna mpaka chai inapoa. Ni Mmeru, kakulia kwenye kahawa na migomba, kasomea mifugo, sasa anaishi na sisi Kijenge, hapa Arusha, na anachotaka duniani ni kimoja tu: madaktari wa watu wamuite "Daktari", basi, bila kuongezea ng'ombe.

Mwaka huu bahati ikamjia. Chuo kimoja cha afya hapa mjini kikasema magonjwa ya mifugo yanaingia kwa watu, kwa hiyo wa unesi, wa udaktari na wa mifugo wasome pamoja na wafanye utafiti pamoja. Wanaita ushirikiano wa taaluma, jina zuri kweli. Wakatafuta mwalimu wa hilo somo. Waliotaka walikuwa wawili, bamdogo na Dokta Catherine wa hospitali, na wangepimwa siku moja huko Kisongo, kwenye boma la Wamaasai, mbele ya wanafunzi. Jamani, bamdogo alipiga pasi mpaka soksi.

Haya yote kanisimulia Nice, anasomea unesi, kapanga chumba hapa kwetu, na alikuwepo. Anasema asubuhi nzima wale wawili walishirikiana kama mawifi wanaogombea jiko. Bamdogo akieleza ng'ombe, Catherine anachezea simu. Catherine akieleza homa, bamdogo anakohoa. Ila somo lilikuwa lile lile: maziwa mabichi yanaleta brusela, homa inakuja inaondoka inarudi, viungo vinauma kama umezeeka ghafla.

"Bila kuchemsha, msiguse!" bamdogo akapaza sauti. Wanafunzi wakaandika.

Kumaliza tu, mwenye boma, Yeyo Nasieku (yeyo ni mama kwa Kimaasai), bibi wa watu na shanga zake, akatoka na kibuyu. Maziwa ya wageni. Yananukia ule moshi wa kijinga cha moto wanachosafishia kibuyu, lakini yenyewe moto hayajauona. Na pale mgeni akikataa maziwa ni kama kamkataa mwenye nyumba.

Wanafunzi wote macho kwa walimu.

Bamdogo akamwinamia Catherine. "Daktari, hapa ni tumbo la mtu. Ni lako hili, mwambie."

"Aa wapi, Daktari, hayo si yametoka kwa ng'ombe? Mwambie wewe."

Mmeona? Siku ya kwanza kuitana Daktari, na ni kwa kusukumiana kibuyu! Wakamgeukia Solomoni, mtaalamu wa mila na jamii waliyekuja naye kutoka chuo. Akatabasamu kipole. "Mimi siingilii. Nipo kuangalia tu."

"Mbona mnanong'ona?" Yeyo akauliza. "Ng'ombe wangu wanang'ata?"

"Hapana, Yeyo, hatuogopi kitu!" Bamdogo akapiga funda la kishujaa. Catherine hakubali kushindwa, akapiga mawili. Solomoni akaacha kuangalia, akanywa.

Kibuyu kikamfikia Nice. "Yeyo, mimi naomba yangu uniwekee kwenye chai."

"Si mngesema! Moto upo." Yeyo akaenda zake kubandika sufuria. Wala hakukasirika. Wanafunzi wote wakaomba chai.

Wiki zikapita, bamdogo akaanza kutetemeka. "Malaria hii," anasema. Malaria gani na baridi hii ya Arusha! Magoti yakagoma, ngazi anapanda kwa makalio. Nikampeleka hospitali. Kwenye benchi la wagonjwa tukamkuta nani? Dokta Catherine, kajifunga shuka la kimasai mpaka masikio.

"Daktari," bamdogo akasema.

"Daktari," Catherine akajibu. Wakaangalia sakafu.

Majibu yakatoka: brusela, wote wawili. Solomoni alishaanza dozi yake. Ushirikiano wa taaluma hapo ulifanikiwa kabisa, dawa zao zilikuwa zile zile.

Mkuu wa chuo aliposikia akasema anayetaka ualimu asimame kwanza mbele ya darasa aeleze alivyoumwa na kwa nini. Catherine akaona heri kazi ipotee kuliko ile aibu. Bamdogo akapiga pasi soksi tena. Akaeleza yote, hadi zile ngazi. Darasa lilicheka mpaka walio nje wakachungulia.

Kazi kapata. Chuo kizima sasa wanamuita Daktari, hakuna anayetaja ng'ombe tena. Wanamuita Daktari Kibuyu.

Jana jioni Nice kamwita hivyo hivyo mezani. Bamdogo kanuna, chai ya maziwa ikapoa. Halafu akaenda kuichemsha upya.