Jina la Ng'walu Lagomewa na Kompyuta

Mtaalamu wa kompyuta wa kiwanda cha minofu ya samaki pale Igogo alikuwa na tabia ya kupangusa kibodi kwa leso kabla ya kusema neno lolote, kama padre anayepangusa kikombe cha misa. Kompyuta, alipenda kusema, haikosei. Basi asubuhi hiyo programu yake ilipogoma kumsajili mleta samaki mpya, kosa likawa la jina.

"Mama, hicho kialama cha juu katika jina lako kinaikata katikati amri yangu ya kusajili. Tukuandike Ngwalu."

"Ngwalu ndiye nani?" aliuliza yule mama, ambaye sangara wake walikuwa juani wakingoja asajiliwe. "Mimi ni Ng'walu."

Nyuma yake mleta samaki mwingine, Ng'wandu, naye alikuwa anasubiri, na jina lenye kialama kile kile. Mtaalamu alikuwa amewatungia Wasukuma programu isiyowajua Wasukuma. Alipangusa kibodi tena, kwa muda mrefu zaidi, kisha akafanya lile ambalo kitabu chake cha kuandika programu kwa lugha ya C kilikuwa kimemshauri tangu mwanzo, naye alikuwa ameliita kupoteza muda: aliiandaa amri kwanza, ikiwa na alama ya kuuliza mahali pa jina, halafu akalipeleka jina peke yake, kama lilivyo, kialama kisiiguse amri. Likapokelewa bila kikwazo.

"Nimeirekebisha kompyuta," alitangaza, akikunja leso.

Mama Ng'walu alilisoma jina lake kwenye skrini, herufi kwa herufi. Kisha akamtazama kijana huyo, ambaye tangu asubuhi hakuwa amemwamkia.

"Marahaba," alisema, akaenda kuwatoa samaki wake juani.