Kifua Changu na Jina la Nyota

Nakumbuka asubuhi moja pale ufuoni Kalundu, mitumbwi ikishusha samaki aina ya mukeke, ambapo neno langu moja nusura limuue mtu. Nisikilize taratibu, mwanangu, maana mtu huyo ndiye ninayemlilia sasa.

Nyota alikuwa mke wa shemeji yangu. Tuliishi kiwanja kimoja. Yeye alikuwa na watoto wawili, mimi sikuwa na hata mmoja. Mama mkwe wetu alibanika samaki pale ufuoni, na kwetu mke anayeachiwa moto wa mama mkwe ndiye anayehesabiwa mwenye nyumba. Niliutaka moto ule kuliko chakula. Lakini nina pumu tangu nilipovunja ungo, na kila mwezi kulikuwa na siku ambazo kifua kilinibana, nikatoka kwenye moshi nikikohoa. Nyota alishika nafasi yangu huku akiimba.

"Weye dada, uko muke ao uko mugeni?" alinitania. "Moto inakuuliza!"

Wanawake walicheka. Nami nilicheka, kwa meno tu.

Wivu, mwanangu, hauombi chakula kwa jirani; hujipikia wenyewe. Nikaanza kujiuliza mbona nabanwa mimi tu. Kwetu mtu akikosa pumzi, watu hunong'ona karuho, ile sumu ambayo mwenye husuda humtilia mwenzake chakulani. Nikaacha kula chochote kilichopita mikononi mwa Nyota. Husuda ilikuwa yangu, nikamvisha yeye.

Asubuhi ile niling'ang'ania kwenye moshi. Pompi yangu ya kuvuta dawa kwa mdomo nilikuwa nimeiacha nyumbani, nisionekane mgonjwa. Kifua kikafunga, nikaanguka kando ya kuni. Nyota alikuja mbio na kikombe cha maji, nikakipiga kikamwagika. Kwa pumzi iliyobaki nikasema, "Karuho. Ni Nyota."

Wapagazi waliweka mizigo chini. Mmoja akaokota jiwe. Nyota alisimama, mikono mitupu.

Mama mkwe akaingia katikati. "Muache! Miye niko na maneno na huyu." Akaniinamia. "Chakula ya Nyota umeacha kula siku mingi. Kule Kiringye kwa mama yako kifua ilikubana, Nyota alikuwa kule? Inakubana kila mara ukikaribia kwenda mwezini. Tunafua nguo pamoja, ninaona! Hakuna muntu amekupa sumu. Ni mwili yako."

Yule mpagazi akaachia jiwe. Aliyenibeba mgongoni hadi kwenye pikipiki alikuwa Nyota.

Hospitalini daktari alikubaliana na mama mkwe. Alisema homoni za mwanamke hupanda na kushuka kila mwezi, na kwa baadhi yetu wenye pumu, njia za hewa hubana zaidi siku chache kabla ya hedhi. Mimba nayo, akasema, humpa mmoja nafuu na kumzidishia mwingine. Mimi baadaye yalinikuta yote mawili: mimba ya kwanza nilipumua kama wafugaji wa Mulenge kule juu milimani kwenye hewa safi, ya pili nililala nimeketi. Dawa sikuiacha, kwa kuwa mtoto hupumua pumzi ya mama yake. Sasa hedhi imekoma, na kifua kimebadilika tena.

Moto alipewa Nyota. Nilimwonea wivu miaka yote, sitakudanganya. Alinisamehe bila kuombwa, na hata wema huo niliuonea wivu. Juma lililopita tulimzika. Nilipoona ufuo mzima ukimlilia, moyo ukanichoma: je, mimi watanililia hivi? Kisha nikalia hadi nikahitaji dawa yangu. Radhi sikuwahi kumwomba kwa mdomo wangu.

Basi, mwanangu mwenye kifua kama changu, zijue siku zako. Zikikaribia, dawa iwe mkononi na moshi uwe mbali. Mwambie daktari habari za hedhi yako bila haya; mficha maradhi, kilio humuumbua. Ukishika mimba, usiache dawa kwa ushauri wa majirani, muulize daktari kwanza. Na pumzi ikikatika, usitafute jina la mtu wa kulitupia.

Mungu akupe kifua chepesi na moyo mwepesi zaidi. Na kama yuko uliyemkosea, akupe mguu wa kumfuata leo, angali anaweza kukujibu.