Maandazi ya Posa Kilolo

Katika miaka ya hamsini, pale Mbeya, mkate wa ngano ulikuwa chakula cha watu waliofika. Karani aliyekunywa chai kwa kiazi alijificha ndani. Aliyekunywa kwa mkate alikaa barazani aonekane. Mimi nilikuwa karani, na kila nilipokaa barazani na mkate wangu niliishia kukimbilia chooni. Nilikonda hadi majirani wakaanza kuulizana ni nani kanifanyia nini. Mwishowe daktari mmoja wa misheni, mzungu mpole aliyekuwa akiletewa majarida ya udaktari kutoka kwao, akaniambia kwamba kuna watu ambao matumbo yao hayapatani na ngano maisha yao yote, na mimi ni mmoja wao. Nikaacha mkate, maandazi, chapati na biskuti. Baada ya miezi mitatu suruali zikaacha kunidondoka.

Kupona kulikuwa rahisi. Kuaminiwa ndiko kulikonishinda. Ningesema nimekatazwa ugali, watu wangenililia. Lakini kukataa andazi, tena la bure, hayo yaliitwa maringo, na kila nilipoambiwa hivyo nilikasirika kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Kisha nikapata mchumba. Alikuwa mwalimu, kwao Kilolo. Tulijuana alipokuja Mbeya na kwaya ya kanisa lao la Kilutheri, tukaandikiana barua mwaka mzima. Nilimweleza kila kitu changu isipokuwa tumbo, maana sikuona msichana gani angependa kusoma habari za choo. Nilimpenda hadi nikawa mjinga. Tena nilijua kuna mwalimu mwenzake aliyekuwa akimnyemelea, kwa hiyo wazazi wakinikataa, basi, nimemkosa.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, mtu wa maneno mengi na tumbo lisilokataa kitu. Tulipanda basi alfajiri. Chimala tukashuka kula wali kwa maharage, nami nikala sahani mbili kwa raha, kwa sababu mchele haujawahi kunigeuka. Iringa tulifikia mtaa wa Mlandege, kwenye hoteli ndogo, nikamuuliza mwenye hoteli kama mchuzi wake una unga wa ngano. Akasema hauna hata chembe. Nikauliza mbona mzito hivyo. Akajibu kwa fahari kwamba anautia unga wa chapati. Nikala ndizi mbivu nne, baba mdogo akala mchuzi wangu.

Kesho yake asubuhi tukafika Kilolo, ukungu umelala juu ya mahindi. Tukapokewa kwa salamu nyingi za "kamwene" na kuketishwa kwenye viti vilivyoazimwa kanisani. Mama mkwe akaleta sinia lililofunikwa kitambaa cha kushonwa maua. Alipofunua, nikaona maandazi, mlima mzima. Unga alikuwa ameagiza mjini, na kuyapika alifundishwa na mke wa mchungaji wiki ileile, yote hayo kwa ajili ya karani wa Mbeya. Baba mdogo alikuwa ameshamaliza manne kabla sijamaliza kusalimia. Mimi nililishika langu mkononi, nikawa naliangalia.

Baba mkwe akauliza taratibu mbona sili. Hapo ningesema ukweli, lakini baba mdogo aliniwahi. Alijua kwamba kwa Wahehe, kabila la wakwe zangu, kila ukoo una mwiko wake, kitu wasichokula, na kwamba mwiko wa mtu hauulizwi mara mbili. Akaona amepata njia.

"Msimfikirie vibaya, mzee," akasema. "Ngano ni mwiko wa ukoo wetu, tangu mababu."

Aliyasema hayo akiwa na andazi la tano mkononi na mafuta mdomoni. Baba mkwe aliliangalia lile andazi, akauangalia ule mdomo. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, babu yetu aliijua lini hiyo ngano, maana wao waliiona walipokuja wamisheni.

Mama mkwe alilivuta sinia kwake akalifunika. Kukataa chakula cha mtu mbele yake, tena kwa uongo, ni kumwambia kwamba unaogopa alichotia ndani.

"Kijana," baba mkwe akasema, "kama unaiogopa mikono ya mke wangu, sema. Binti yetu kafunzwa kupika na mikono hiyohiyo."

Niliona mke anaondoka hivihivi. Na kueleza habari za tumbo mbele ya mama mkwe sikuweza kwa aibu. Nikaomba sinia. Nikala matatu, na yalikuwa matamu, Mungu anisamehe. Nyuso zikafunguka, mazungumzo yakaanza upya.

Mchana tumbo likaamka. Choo kilikuwa mwisho wa shamba la mahindi. Safari ya kwanza nilikwenda kwa mwendo wa karani. Ya pili niliharakisha. Ya tatu sikufuata njia, nilikata katikati ya mahindi. Nilipoondoka mara ya tano, nilimwona baba mdogo, ambaye kwa hesabu yangu alikuwa amekula tisa, akichungulia kikombe chake cha chai kwa jicho la pembeni na kukiweka chini.

Mama mkwe naye alimwona. Nikiwa kule chooni nilimsikia akilia, akisema mgeni amedhuriwa nyumbani kwake siku ya posa, nani atamwamini tena. Baba mkwe alikuwa akiita majirani waje wale maandazi yaliyobaki, wawe mashahidi. Niliona aibu kuliko aibu niliyokuwa nikiikimbia. Basi nikapaza sauti kutoka nyuma ya ua wa nyasi wa choo, nikaeleza yote, daktari, ngano, mkate wa barazani, nikamwomba mama msamaha nikiwa nimechuchumaa.

Kisha mtu akaangua kicheko karibu sana nami. Alikuwa mchumba wangu, amesimama njiani na birika la maji ya moto aliyoniletea.

Waliniketisha tena kitini, nikapewa uji wa ulezi. Baba yake akamwita na kumuuliza mbele ya wote, kama desturi ilivyo, kama anamtaka mtu huyu. Msichana hujibu kwa sauti ya chini akiangalia miguu yake. Yeye aliniangalia mimi.

"Namtaka, baba," akasema. Kisha akaniambia, "Ila chakula changu usikile kwa kuniogopa. Usipokitaka, kikatae mbele yangu."

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, hata mama yangu. Macho yalinijaa machozi, nikatafuta jibu la kumfaa, lakini ilinibidi ninyanyuke tena.