Kikapu Kilichokwenda Kyoto

Mwezi wa nne mwaka huu tulibomoa nyumba ya jikoni ya Kukhu. Kukhu ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Bungoma, na jikoni yake ilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba kubwa, upande wa Sirisia. Fundi alipovuta boriti ya kwanza, masizi ya miaka yote ile yakamwagika pamoja na harufu ya moshi ambayo sikuwa nimeinusa tangu azikwe. Nikatoka nje haraka. Shemeji yangu akadhani ni vumbi limenizidi, akaniletea maji ya kunawa uso.

Wewe unanijua, rafiki yangu. Unajua nikipewa kiti na chai nitasimulia safari yangu ya Japani mpaka watu waanze kutafuta viatu vyao. Umenisikia nikieleza majani mekundu, treni na vitanda vya sakafuni. Hujawahi kunisikia nikitaja kikapu, wala hakuna mwingine aliyenisikia, na leo nataka niseme kabla sijajipa sababu nyingine ya kunyamaza.

Nilikuwa darasa la saba pale Kitale, miaka michache baada ya masomo ya msingi kuwa bure, wakati tulipokuwa tukibanana wanne kwenye dawati la wawili. Tulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, aliyetufundisha sayansi na kubishana na wauza nyanya kwa Kiswahili kilichowaacha hoi. Aliporudi kwao Kyoto, mji mkuu wa zamani wa Wajapani, alitupanga tutumiane michoro na watoto wa shule ya huko. Mimi nikachora trekta ikivuta mahindi njia ya Moi's Bridge. Kumbe trekta ile ndiyo ingenipandisha ndege: barua ikaja kwamba wanafunzi wanne wanaalikwa kwa siku kumi, mwezi wa Novemba.

Mama alinipeleka Sirisia kuaga. Novemba ni wakati wa kuvuna, na tulimkuta Kukhu amekaa juu ya gunia akipukuchua mahindi, makapi yamejaa kwenye leso yake. Hakuuliza Japani ni wapi. Aliuliza kama nitalala hotelini au nyumbani kwa mtu, na nilipomwambia nitalala kwa bibi mmoja mzee, mjane, akaacha mahindi, akaingia jikoni. Juu ya meko kulikuwa na uchaga wa kukaushia, na pale ndipo alipoweka kamaleya yake, yaani machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, ambayo wanawake wa mlimani walishuka nayo kuuza. Kukhu aliikausha kwa moshi majuma mengi mpaka ikawa nyeusi na ngumu. Iliyolowekwa vizuri na kupikwa kwa karanga na simsim ilikuwa chakula cha mgeni wa maana.

Alichagua vipande vizuri, akavifunga kwa majani ya mgomba na kuviweka ndani ya kikapu kidogo alichokisuka mwenyewe.

"Huwezi ingia kwa mtu mikono inaning'inia tu," alisema. "Huyo mama, mpe hii na mikono yote mbili. Mwambie aroweke usiku moja, amwage maji, aroweke tena. Asipofanya hivyo itamuuma mdomo. Na kikapu yangu irudi."

Mama akacheka. "Kukhu, hao watu wako na vikapu vyao."

"Najua wako na vyao. Hii ni yangu."

Labda kwenu hamna desturi hii, kwa hiyo nieleze. Kwetu, jirani akikuletea kitu ndani ya kikapu, kikapu hicho hakirudi kitupu. Utakaa nacho hata mwezi mzima ukisubiri upate cha kutia, maharage konzi moja au kipande cha sabuni, lakini hutakirudisha na hewa. Ndivyo wanawake walivyojua kama wangali marafiki. Mama aligombana na shangazi mmoja miaka mitatu kwa sababu ya kikapu kilichorudi kitupu, na sote tuliona ana haki.

Ndani ya basi la kwenda Nairobi kamaleya ikaanza kunuka. Wenzangu watatu walikuwa watoto wa mjini Kitale, na mmoja, binti wa daktari, alikuwa na sanduku la magurudumu na jaketi jipya ambalo sisi wengine tulilishikashika. Akanusa hewa.

"Nani amebeba jikoni ya kwao?" akauliza. "Si ati tunaenda Japani? Kuna mtu hapa anaenda soko ya Chwele, bana."

Basi zima likacheka. Na mimi nikacheka. Nikageuka nyuma, nikatazama huku na huku, kana kwamba namtafuta mwenye mzigo.

Uwanja wa ndege niliomba ruhusa kwenda msalani. Nilisubiri mwanamke mmoja amalize kunawa mikono, kisha nikatoa kifurushi cha Kukhu na kukisukuma chini kabisa ya pipa la taka, nikakifunika kwa karatasi. Kikapu nikabaki nacho kwa sababu kilikuwa kizuri, nikatia chanuo na sabuni yangu. Baadaye nilijiambia kwamba hata hivyo vyakula hukaguliwa kule, na pengine wangeichukua. Inawezekana. Lakini sikumngoja mkaguzi. Niliitupa mwenyewe, hapa hapa Kenya, kwa sababu ya mtoto aliyekuwa na jaketi jipya.

Kyoto ilikuwa na baridi ya Kitale ya mwezi wa saba, ile ya asubuhi, isipokuwa haikuondoka saa nne. Mwalimu wetu wa zamani alitupokea, akatugawa nyumba nyumba. Na majani, rafiki yangu, hapo sikukudanganya hata siku moja. Nilizoea majani yanayokauka yakawa kahawia na kuanguka. Yale yaligeuka mekundu mti mzima, mengine manjano, na watu walikuja na watoto na wazee wao kusimama tu chini ya miti na kutazama. Tulipanda ngazi za mawe kwenda kwenye mahekalu ya mbao yaliyojengwa kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Mzee mmoja alikuwa akifagia uani kwa ufagio wa njukuti, polepole, na majani yakimwangukia nyuma yake, naye anarudi kuyafagia bila hasira. Nilimfikiria Kukhu, ambaye asingevumilia mti wa namna ile karibu na uwanja wake.

Yule bibi niliyelala kwake alikuwa mdogo kuliko mimi kwa kimo, mgongo umepinda, mikono yenye nguvu. Hatukuelewana neno. Alinivua viatu mwenyewe siku ya kwanza, akanipa soksi nene, akanikalisha kwenye meza fupi yenye moto chini yake. Nilipompa kalamu na kalenda ambazo mama alininunulia dakika ya mwisho, alizipokea kwa mikono miwili na kuinama, na mimi nikaangalia ukuta.

Siku ya nne mwalimu alikuja kula nasi. Bibi akaleta wali uliochanganywa na vipande vyembamba, vyeupe. Nikatafuna kimoja, kisha kingine. Nikaweka vijiti chini.

"Hii ni kamaleya!" nikasema kwa sauti kubwa. Nilifurahi kabla ya kukumbuka.

Mwalimu akamtafsiria. Bibi akaweka mikono mashavuni. Kwani hata huko Afrika watu hula mianzi? Tunaipikaje? Nikaeleza moshi, na kuloweka mara mbili, na simsim. Aliposikia simsim alipiga meza kwa kiganja, akainuka, akaniletea simsim yake ndani ya mtungi anionyeshe. Mianzi yake aliichemsha wakati wa mvua zao na kuihifadhi mwaka mzima, lakini ya moshi hajawahi kuiona. Akasema maneno mengi mfululizo.

"Anasema angependa kuonja ya nyanya yako kabla hajafa," mwalimu akanieleza. Kisha akanipiga begani, kwa utani wake ule ule wa sokoni. "Wewe nawe! Si ungeleta hata kidogo?"

"Sikujua mnakula," nikasema.

Nikala wali wote. Sikuwa na njia nyingine ya kukaa pale.

Asubuhi ya kuondoka bibi alikiona kikapu kando ya begi langu. Akakigeuza, akakagua mshono wa chini kama anayejua kazi, akauliza ni cha nani. Nikasema ni cha nyanya. Basi akatoa chanuo na sabuni yangu, akaviweka kando kwa heshima, akatoka nje kwenye kibaraza ambako alikuwa ameanika matunda kwa kamba, ya rangi ya machungwa, yaliyosinyaa na kuwa matamu. Akakijaza mpaka juu. Mwalimu akatafsiri mlangoni, basi likingoja: anasema chombo cha nyumba ya mwenzako hakirudi kitupu.

Nilipofika Sirisia, Kukhu alikipokea kikapu kabla hajanisalimia. Alikiinua, akausikia uzito, akafunua. Akapiga vigelegele vilivyowatoa majirani mashambani.

"Mnaona? Mnaona mtu mwenye adabu?" Akanishika mkono. "Alisema nini? Ilimwendea vizuri?"

Watu wote walikuwa wakinitazama. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na ndimi niliyekuwa nimepanda ndege.

"Alisema hajawahi kula kitu kitamu hivyo," nikajibu. "Alimaliza yote."

Matunda yale Kukhu aliyakata vipande vidogo kama vya ushirika, kila jirani kimoja. Tangu siku ile alikuwa na rafiki Japani. Alimwita "mwenzangu". Akisikia mvua kubwa alijiuliza kama mwenzake amevuna. Mwezi wa nane uliofuata alinipa kikapu tena, kimejaa kamaleya iliyokaushwa kwa uangalifu kuliko ya kwanza, na kipimo cha simsim juu. Sasa ilikuwa zamu yake. Nikakipeleke posta Kitale.

Hebu fikiria. Ningekituma, yule bibi angeandika kwamba amefurahi kuionja mara ya kwanza, na barua ingesomwa na baba, mbele ya wote. Nikakisukuma chini ya kitanda changu, nyuma ya sanduku. Miezi mingi baadaye mama alifagia akakikuta, kamaleya imekuwa unga na wadudu wanatembea. Nikamweleza yote, kuanzia basi. Hakunichapa, ingawa nilitamani anichape.

"Hii siwezi kukusaidia," alisema. "Utamwambia mwenyewe. Krismasi tukienda."

Tulipofika Krismasi tulikuta viti uani na wanawake wamejifunga leso kama wakati wa msiba. Mama akashika kifua. Kukhu alikuwa amekaa katikati, mzima, macho mekundu. Jirani mmoja akatunong'oneza: ni yule rafiki yake wa Japani, amefariki.

Hakukuwa na barua wala simu. Kukhu alikuwa amepiga hesabu yake mwenyewe. Kikapu kilikwenda mwaka jana mwezi wa nane. Mavuno yamepita mara mbili. "Mtu wa adabu namna ile," aliwaambia, "hawezi kaa na kikapu ya mwenzake hivi. Kama angekuwa hai, ingerudi." Jumapili alisimama kanisani akaomba waombewe, yeye na watoto wa marehemu, kama wapo. Na wanawake walikuja na sukari na majani ya chai, kama inavyostahili. Mama alinitazama, kisha akaenda kusaidia kuosha vikombe.

Nilipiga magoti mbele ya Kukhu. Nilikuwa na maneno yote tayari, naapa. Lakini kabla sijafungua mdomo mama mmoja mzee akasema kwa sauti: "Huyu ndiye alilala kwake. Simama, mtoto, utuambie alikuwa mtu wa aina gani."

Nikasimama. Nikawaambia alinivua viatu kwa mikono yake. Nikawaambia alikuwa mfupi, mgongo umepinda, na kwamba alichekesha meza nzima na mtungi wa simsim. Nikasema hakurudisha chombo kitupu. Yote hayo yalikuwa kweli. Kisha Kukhu akauliza, kwa upole, "Na kamaleya yangu?" nami nikasema aliipenda, alimaliza yote. Akalia kwa faraja, akanivuta nikae karibu naye, na wanawake wakaanza wimbo.

Kukhu aliishi miaka miwili zaidi. Nilikwenda kila likizo, na kila likizo nilirudi Kitale sijasema. Siku hizi kule mlimani kuna walinzi wa msitu, na wanawake wa mizigo ya mianzi hawashuki tena. Vitu huja kwa mifuko, na mfuko ukishamaliza kazi hakuna anayeudai. Pale palipokuwa jikoni, shemeji yangu anataka kuweka tangi la maji. Wakubwa waliojua kukausha kamaleya ikakaa mwaka bila kuoza wamekwisha mmoja mmoja, na mimi niliyeiona ikifanywa sikuwahi kujifunza, kwa kuwa nilishindwa kukaa karibu na harufu yake.

Na yule bibi wa Kyoto alikuwa mzee hata wakati ule, kwa hiyo lazima alishakufa kweli. Sijui ni mwaka gani, wala kama alikufa wakati wa majani mekundu. Siku hiyo hakuna mtu huku kwetu aliyelia, kwa sababu kilio chake tulikuwa tumeshakimaliza.