Poshi Moja ya Kundi A

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya hospitali moja pale Uvira, mkuu wa maabara hakunionyesha darubini niliyoiota tangu shuleni. Alinipeleka mbele ya frigo, jokofu la mafuta ya taa. "Huyu ndiye chef yako," akasema, yaani bosi wangu. "Na poshi ya damu ikiisha kuingia humu, haiko tena ya mutu." Poshi ni ule mfuko wa damu. Nilidhani ananitania.

Kazi yenyewe ilinivutia mno. Unadondosha damu kwenye kigae cheupe, unaongeza dawa ya kupimia, unatikisa taratibu. Ikikatika kama maziwa yaliyochacha, unajua kundi lake. Lililonishangaza, na hadi leo linanishangaza, ni kwamba damu ya baba inaweza kumkataa mwanawe wa kumzaa, na ya mtu baki ikampokea vizuri kabisa.

Vita vilipopamba moto, mkulima mmoja wa Luberizi alikuja amembeba mwanawe. Malaria ilikuwa imemmaliza damu, viganja vyeupe kama unga wa muhogo. Baba akatoa damu papo hapo. Nikapima: baba kundi B, mtoto kundi A. Damu ya baba ikaenda kwa mama mwingine wa kundi B, aliyekuwa akivuja damu baada ya kuzaa. Jamani, yule baba alivyofoka!

"Damu yangu iko wapi? Minye nilitoa ya mutoto wangu!"

"Baba, ingemuua."

"Basi mutamupa ya nani?"

Ndipo penye shida. Kwenye frigo ilibaki poshi moja ya kundi A, na askari walikuwa wameshasema ni ya komanda wao, aliyengoja kupasuliwa mguu. Daktari mkuu akaenda kuwatazama wagonjwa wote wawili, mimi nyuma yake na ile poshi mkononi.

"Hiyo iko ya komanda," askari mmoja akasema, bunduki begani.

Daktari hakupandisha sauti. "Komanda anaongea, anaomba hata chai. Mutoto haongei tena. Mutoto kwanza. Nyinyi kunjeni mikono ya mashati, tupime."

Walitazamana. Kisha komanda mwenyewe, kitandani, akasema, "Mupimwe." Damu ya askari mmoja ikafaa, na komanda akapasuliwa siku hiyo hiyo. Mtoto naye akapewa ile poshi, na jioni aliomba uji. Nililia bila aibu.

Yule baba sasa akaja na swali jingine: nani aliyetoa damu ile? Kwetu, zamani, watu wawili wakinywana damu walikuwa ndugu, na kumsaliti mwenzio ilikuwa mwiko mkubwa. "Nipe jina, nimupelekee kuku. Iko Murundi? Mufuliiru? Iko mutu wa milimani?" Nilikataa. Anayetoa hatajwi, la sivyo kesho watu wangechagua damu kwa kabila, kama wanavyochagua wakwe.

Nimestaafu sasa. Vijana huniambia kuwa siku hizi, nchi nyingine, hugawa hata figo na maini ya watu waliofariki, na kwamba kompyuta ndiyo hupanga zamu; huniuliza inajuaje nani aanze. Nami huuliza mengi, maana udadisi haustaafu. Lakini naona swali ni lile lile la daktari wetu: kiungo kinamfaa nani, na nani hawezi kungoja.

Majuzi nilikutana na yule baba sokoni, mvi tupu, mwanawe akipakua magunia ya mpunga.

"Mama, umeisha kuacha kazi. Sasa niambie."

"Sisemi."

"Weye iko muchoyo!" Akacheka, halafu akawatazama watu waliojaa soko. "Bakia na hilo jina. Nikimujua, nitasalimia ule mumoja tu; sasa ninasalimia soko yote."