Matembezi ya Kisiwani Yaliyonikosesha Mke

Wadau, mimi niliwahi kumkataa mwanamke niliyempenda. Nilimkataa mbele ya baba yake, nimekalia kiti chake na ninatafuna kahawa yake.

Ilikuwa mwaka 1988. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Nyakakika.

Kila siku ya gulio alikuja binti mmoja kutoka kisiwa cha jirani kuuza samaki wakavu. Jina lake Placida. Miaka miwili nilinunua samaki wake mpaka paka wa jirani akahamia kwangu, lakini zaidi ya kuuliza bei sikuwahi kumwambia kitu.

Mwalimu mwenzangu Gosbert, mtu wa Muleba, alikuwa amenichoka.

"Jumapili twende kisiwani kutembea," akasema. "Tunapanda kilima, tunapunga upepo, jioni tunarudi."

Nikakubali hata kabla hajamaliza.

Tukatoka kanisani na tai zetu shingoni. Gosbert kabeba kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, kakivika majani mabichi ya mgomba. Nikamuuliza majani ya nini. Akasema ya kuzuia jua. Nami nikaamini, mwalimu mzima.

Tukavuka kwa pantoni ya kuvutwa kwa kamba. Ng'ambo, njia ya kilimani ilipita uani kwa Mzee Rwegoshora, baba yake Placida.

Viti vilikuwa vimeshapangwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, waitu, jamaa zetu. Karibuni mkae."

Tukaletewa kahawa ya kutafuna, zile punje kavu anazopewa mgeni. Aliyeileta ni Placida mwenyewe, akapiga magoti kutusalimia. Punje ya kwanza niliimeza nzima.

Mzee akatazama kibuyu, akatazama tai zetu. Kwetu kibuyu kilichovikwa vile hakiendi matembezini, kinapeleka posa.

"Haya wageni, mmekuja kufanya nini?"

Gosbert akanikanyaga mguu. Ndipo nikashtuka: mzee anadhani nimekuja kuposa. Na nilichotaka duniani kilikuwa hichohicho. Nikisema ndiyo, nimepata.

"Tumekuja kutembea, mzee," nikasema.

"Kutembea kwenda wapi?"

"Juu ya kilima."

"Juu kuna nini?"

"Hakuna kitu, mzee. Ni kwa ajili ya afya."

Mzee akanitazama kwa huruma, kama anayetazama ndama mgonjwa.

"Basi pandeni. Msije mkaachwa na pantoni."

Tukapanda. Gosbert akatangulia, kibuyu begani. Huko juu tulikuta mawe, upepo mkali na mbuzi mmoja ambaye naye hakuonekana kufurahi kutuona.

Msimu wa kahawa ulipofika, Placida akaolewa na fundi cherehani wa Kaisho.

Mwaka uliofuata tukakutana gulioni, kabeba mtoto mgongoni. Nikajikaza, nikampa hongera.

"Asante, mwalimu," akasema. "Ile safari niliipanga mimi na Gosbert. Baba alijua, mama alijua, mpaka mvuta pantoni alijua. Ilibaki wewe kuitikia tu."

Akacheka, akaniaga, akaenda kununua maharage. Mimi sikucheka. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo vijana, baba wa binti akikuuliza umekuja kufanya nini, mjibu palepale. Mlima utapanda siku nyingine. Kile kilima bado kipo, na hakuna aliyekuja kukiposa.