Mwanamke Aliyefichwa Kwenye Katuni

Siku moja mwaka wa 1974, mwanamume aliingia katika ofisi moja mjini Kisii akamwaga mezani vipande arobaini vya katuni. Kila kipande kilikuwa na duara jekundu. Ndani ya kila duara, mwanamke yule yule.

Nehemiah Machogu, mchoraji wa katuni hizo, alijua siri yake imeshikwa.

Hata hakushtuka. Tangu mkewe Nyanchera afariki, hakuna kilichomshtua. Alikula, akalala, akachora. Basi.

Katuni zake zilitoka kila mwezi katika gazeti dogo la wakulima. Watu walizicheka. Hawakujua ule mwendo wa kurusha miguu wa shujaa wa katuni aliuiba kwa mwalimu wake wa darasa la nne. Vile vivuli vyeusi aliviiga kutoka vitabu vya picha alivyosoma misheni. Na nyuma kabisa, kati ya migomba, kila mara alimficha mwanamke mdogo kama punje ya wimbi, akilima.

Huyo alikuwa Nyanchera. Hakumwambia mtu.

Aliyeleta vipande ni Ogari, kaka yake Nyanchera, mwenye duka kule Nyakoe.

"Shemeji, huyu ni nani?"

"Unamjua. Ni dada yako."

Ogari aliweka kidole juu ya duara moja. "Nyanchera alishika jembe hivi?"

"Hivyo hivyo."

"Machogu. Huyu anatumia mkono wa kushoto. Kwetu wa kushoto ni mmoja tu. Bosibori."

Bosibori ni mdogo wao. Baada ya mazishi alikuja akamlimia Machogu shamba msimu mzima. Machogu alikuwa akikaa dirishani, macho yamemwelekea, akili haipo.

Akapitia vipande kimoja kimoja. Kweli. Miaka yote hiyo alikuwa akimchora mtu aliye hai!

Akafumba macho amtafute mkewe. Akapata kitambaa cha kichwa. Uso, hakuna. Na hawakuwahi kupigwa picha.

"Nimemsahau," akasema, kama mtu anayesoma bei ya sukari.

Ogari hakumkemea. Alivuta kiti.

"Shika penseli. Paji lake lilikuwa pana, kama la mama."

Akachora.

"Pana zaidi, bwana."

Walichora na kufuta mpaka karatasi ikatoboka. Karatasi ya nne, Ogari aligeukia ukutani ghafla, mabega yakitikisika. Hapo Machogu akajua wamempata.

Yeye chozi halikumtoka. Akamchorea kile kitambaa cha kichwa.

Ndugu yangu, uliyempoteza usimfungie ndani yako peke yako. Kaa na waliompenda, mmtaje. Kumbukumbu ya mtu mmoja hukosea, na haikwambii kwamba imekosea.